Fidia ya Mguu wa Mishi

Meneja wa malori alifika Kizota na kiroba cha mchele, akakitua mlangoni kama mtu aliyeleta posa na ana hakika ya jibu. Jina lake lilikuwa Sila, kijana wa shati jeupe na viatu visivyopenda vumbi. Nyuma yake aliingia Hashimu, kaka mkubwa wa mume wa Mishi, kofia mkononi, uchovu wa safari ya Kondoa ukiwa bado mabegani. Mishi alipowaona wameingia pamoja, alijua kuna jambo limepikwa jikoni kwa wengine na sasa linaletwa kwake lipakuliwe.

Alikuwa ameketi kwenye kitanda kilichohamishiwa sebuleni, kanga imefunika kilichobaki cha mguu wake wa kulia. Miezi minne nyuma, lori la saruji lililokuwa likielekea Msalato lilitaka kulipita jingine, likakosa nafasi, likapanda ukingoni mwa barabara ambako yeye alikuwa akitembea na furushi la sare za shule alizozishona kwa mkono wake. Hospitali walimkata chini ya goti. Dereva alifikishwa mahakamani, akakiri kosa la kuendesha kizembe, akalipa faini, akarudi kwenye usukani. Mishi ndiye aliyebaki pale pale lori lilipomwacha.

"Mama, pole tena," alisema Sila. "Kampuni imeona si vizuri kulifunga jambo hili bila kuja kukujulia hali."

"Kulifunga jambo lipi?"

"Hili letu. Zile milioni mbili ndizo makubaliano, hakuna tena zaidi ya hapo. Lakini utu ni utu, ndiyo maana nimekuja na mchele."

Hassani, mume wa Mishi, alikuwa akimwinulia mgeni kiti. Kiti kikabaki hewani.

"Milioni mbili zipi?" aliuliza Mishi.

Sila alimgeukia Hashimu. Hashimu alikuwa anaitazama kofia yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Mzee alikuja ofisini," Sila akasema, na sauti yake sasa ilikuwa imepoteza sukari kidogo. "Tukazungumza kifamilia. Akapokea kwa niaba yenu, akasaini kwamba ninyi hamna dai lingine. Nilidhani mmeambiana."

Nje, mpangaji mwenzao alikuwa akisugua masufuria. Akaacha kusugua.

"Baba Sabrina," Mishi alimwambia mumewe bila kupandisha sauti, "mrudishie mgeni mchele wake."

Hassani alisita. Ndani hapakuwa na mchele, wala unga wa kufika Ijumaa. Pikipiki yake aliyokuwa akichukulia kuku kutoka Kondoa ilishauzwa kulipia hospitali, na sasa aliuza kuku wa mtu mwingine sokoni kwa posho ya siku. Lakini aliitazama sura ya mkewe, akakiinua kiroba, akakipeleka mpaka kwenye gari mbele ya macho ya majirani. Sila alimfuata, ila mlangoni aligeuka.

"Mama, karatasi imeshasainiwa. Hasira haitabadili kitu."

"Sina hasira," alijibu Mishi. "Nina swali. Nitakuletea ofisini."

Gari lilipoondoka, akamgeukia shemeji yake.

"Shikamoo, shemeji. Sikukusalimia mbele ya mgeni."

"Marahaba."

"Pesa iko wapi?"

Hashimu alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alikuwa mtu mzima anayeheshimika kwao, mwenye shamba mlimani na sauti msikitini, na hakuzoea kuulizwa. "Nilinunua alizeti," alisema. "Bei ilikuwa imelala. Nilitaka pesa izae kidogo ndipo niwaletee yote kwa pamoja."

"Imezaa?"

"Bei imelala zaidi."

Mishi alitaka kucheka, na kama mguu usingekuwa wake angecheka.

"Watu wa malori ni wakubwa, Mishi," Hashimu aliendelea. "Ninyi ni watu wa kibarua. Nikaona heri kidogo kilicho mkononi."

"Shemeji, hata mbuzi wa jirani humuuzi bila kumuuliza mwenyewe. Huu ulikuwa mguu wangu."

*

Asubuhi yake Hassani alichemsha maji, akambeba mkewe mpaka bafuni nyuma ya nyumba. Njia ilipita katikati ya ua, mbele ya milango ya wapangaji wengine, na kila siku watu walijifanya wana shughuli ndani ili wasimwone mwanamke mzima akibebwa kama mtoto. Wema huo ndio uliomuuma Mishi kuliko macho.

Alimkalisha kwenye kigoda, akaanza kummiminia maji mgongoni.

"Nimefikiri," alisema Hassani. "Kaka alikosea. Lakini ndiye aliyenilea baba alipokufa. Ndiye aliyekuja kukuposa. Tukienda kusema ofisini kwamba alisaini bila ruhusa, tunamwita mwizi mbele za watu."

"Mimi sijamwita mwizi."

"Watamwita wao. Na mimi, Mishi, siku yangu ikifika nitazikwa na nani?"

Mishi alijipaka sabuni mikononi. Hakuwa mwanamke wa kupigana na mumewe kwa makelele. Miaka yote kumi na tisa ya ndoa yao alikuwa akishinda kwa kungoja.

"Hassani, mimi nashona kwa cherehani cha miguu. Nimejaribu juzi ulipokuwa sokoni. Mguu mmoja unakanyaga, gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika. Sabrina yuko kidato cha pili. Wewe umeuza pikipiki. Hiyo ndiyo hesabu yetu, na haimo kwenye milioni mbili za alizeti. Simpeleki kaka yako popote. Mimi nitasema ukweli mmoja tu, kwamba sikumtuma. Akiona aibu, aibu hiyo siyo niliyoishona mimi."

Hassani alimimina maji yaliyobaki. Alipomrudisha ndani alimvalisha gauni zuri, lile la buluu, ambalo Mishi hakumwomba.

*

Ruthu, jirani wa mlango wa tatu, ndiye aliyejua pa kwenda. Mdogo wake aliwahi kusaidiwa katika shauri la kiwanja na ofisi ya msaada wa kisheria iliyokuwa mjini, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Walichukua bajaji. Walipofika, Mishi aliziangalia ngazi. Zilikuwa nyembamba, za zege, na hazikuwa na pa kushika.

"Nitapanda kwa kukaa," alisema. "Ngazi moja moja, kwa kurudi nyuma."

"Na gauni hilo?" Ruthu aling'aka. "Mama Sabrina, hebu subiri." Akapanda mbio peke yake.

Aliyeshuka naye alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani na mtandio wa kijani, Tasneem, wakili wa ofisi ile na mjukuu wa wenye duka lile la chini. Alizaliwa mjini hapa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa. Hakumpandisha Mishi. Aliomba viti viwili kwa mjomba wake aliyekuwa kaunta, wakakaa katikati ya majora ya kanga na tetroni, na pale ndipo ofisi ikafunguliwa.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Dada, una umri gani?"

"Arobaini na moja."

"Akili timamu?"

"Mpaka sasa."

Tasneem alitabasamu. "Basi hakuna mtu duniani wa kusaini kwa niaba yako bila wewe kumtuma. Siyo mume, siyo shemeji, siyo baraza la ukoo. Ulimtuma?"

"Sikumtuma."

"Utalisema hilo kwa kiapo?"

"Hata sasa hivi."

Basi Tasneem akamweleza mambo ambayo hakuna aliyewahi kumweleza, si trafiki aliyepima barabara wala Sila na mchele wake. Kwamba dereva alikuwa kazini, kwa hiyo kosa lake ni deni la mwajiri pia. Kwamba hakuna lori linaloruhusiwa kutembea bila bima ya kumlinda mtu wa nje anayeumizwa nalo, na mtu huyo wa nje safari hii anaitwa Mishi. Kwamba faini aliyolipa dereva iliingia serikalini na haikuwa fidia ya mtu. Ila kule kukiri kwake kosa mahakamani kulikuwa dhahabu, kwa sababu hakuna tena wa kusema Mishi alijitupa barabarani.

"Kwa hiyo anayelipa siyo Sila?" aliuliza Mishi.

"Kwa sehemu kubwa ni bima. Lakini Sila akilimaliza kwa milioni mbili, jambo halifiki bima, na ada ya bima ya malori yake haipandi mwakani."

Mishi aligusa jora la tetroni lililokuwa karibu, akalipima uzito kwa vidole kwa mazoea. "Na hizo mbili alizochukua shemeji?"

"Watataka zikatwe kwenye fidia. Kisheria tunaweza kubishana nao. Hukuzipokea wewe."

"Zikatwe. Ziliingia kwa watu wangu. Sitaki kulipwa mara mbili mguu mmoja. Lakini nataka mmoja huo ulipwe wote."

Tasneem alivua miwani, akaifuta, akamtazama vizuri mteja wake. "Itachukua muda," alisema. "Na kuna siku watakuudhi makusudi ili uchoke."

"Waje," alisema Mishi.

*

Waliitwa kwenye kikao ofisi ya kampuni ya bima baada ya barua mbili za Tasneem na ukimya mrefu. Ilikuwa ofisi ya viti vya magurudumu na kiyoyozi kinachonguruma. Ofisa wa madai, bwana mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, alimpa mkono Hassani, akampa mkono Tasneem, kisha akakaa.

"Bwana Hassani," alianza, "tumesoma madai yenu. Kwanza pole na matatizo. Mkeo ni mama wa nyumbani, siyo?"

"Niulize mimi," alisema Mishi. "Mguu uliokatwa si wa Hassani."

Kalamu ikasimama. "Samahani, mama. Unafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani. Nashona sare za shule tatu za Kizota. Januari huwa silali. Ukitaka kujua nilikuwa napata nini, waite walimu wakuu, ama hata wazazi. Januari hii watoto wao wameshonewa na mtu mwingine."

Sila alikuwa ameketi upande wa pili, na pembeni yake, kwa mshangao wa Hassani, alikuwa ameketi Hashimu. Alikuwa amevaa kanzu safi. Hakuwaangalia ndugu zake. Baadaye walijua kwamba Sila alimtumia nauli na kumwahidi kwamba malori ya kampuni yangembebea alizeti yake mpaka Singida bila malipo, asimame tu na karatasi yake.

"Kabla hatujafika mbali," Sila alisema, akiisukuma karatasi mezani, "familia hii ilishamaliza. Mzee huyu ndiye mkuu wa familia. Alipokea, akasaini. Leo wanakuja na wakili kutaka mara ya pili. Huu si uungwana."

Ofisa wa madai aliisoma karatasi. Aliisoma taratibu, kama mtu aliyefurahi kukuta mlango wa kutokea.

"Mteja wangu ameapa kwamba hakumpa mtu yeyote mamlaka," alisema Tasneem. "Kiapo chake mnacho."

"Ni neno lake dhidi ya sahihi," alijibu ofisa. Akamgeukia Hashimu. "Mzee wangu, tusaidie. Huyu mama alikutuma, au hakukutuma?"

Kiyoyozi kikanguruma. Jasho lilimtoka Hashimu katika baridi ile. Mishi alimwona, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mchele alimhurumia. Aliona mzee aliyetaka kuwa mjanja kidogo tu na ambaye sasa ujanja umemzidi kimo. Lakini hakumsaidia. Neno lile halikuwa lake kulisema.

Aliyesema ni Hassani. Mume ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkatiza kaka yake kauli alisimama, mikono imeshika ukingo wa meza.

"Kaka," alisema. "Wewe ndiye uliyenifundisha kuswali. Waambie. Ukishindwa, nitawaambia mimi, na mimi sitaki niwe mimi."

Hashimu alimtazama mdogo wake. Kisha akaivua kofia.

"Hakunituma," alisema. "Alikuwa bado yuko wodini. Hakujua. Hata huyu mdogo wangu hakujua. Bwana Sila alinipigia simu akasema wazee huwa wanamaliza, nami nikapenda kuitwa mzee wa kumaliza. Pesa nilikula mimi."

"Mzee, fikiria unachosema," Sila alimwambia chini chini.

"Nimefikiri miezi yote hii. Alizeti yangu nitaibeba mwenyewe."

Ofisa wa madai aliikunja ile karatasi mara mbili, akamrudishia Sila. Uso wake ulionyesha kwamba mlango umefungwa na sasa inabidi atafute dirisha. Akanong'ona na karani aliyeketi kando yake, akapiga hesabu, akatangaza milioni kumi na mbili, "kwa kuzingatia ubinadamu."

Kwa Hassani, milioni kumi na mbili zilikuwa pikipiki, na ada, na mabati. Alimwangalia mkewe kwa macho ya kuomba.

Mishi alizichukua fimbo zake za kutembelea, akasimama.

"Bwana, mguu wa bandia hauvaliwi mara moja mpaka kufa. Unachakaa kama kiatu, unabadilishwa. Nina miaka ya kushona ishirini mbele yangu kama Mungu amependa. Hesabu yako imeishia kwenye geti la hospitali. Wakili, tutaonana nao mahakamani."

Akatoka. Fimbo zililia sakafuni kok, kok, kok, na watu waliokuwa kwenye foleni ya bima za magari wakampisha.

Bajaji ilikaribia nyumbani. "Na kama hawatarudi?" Hassani aliuliza.

"Watarudi. Umemwona yule bwana alivyokuwa anaitazama hukumu ya dereva? Anajua hakimu ataitazama hivyo hivyo."

*

Walirudi. Tasneem alikwisha kuifungua kesi, na tarehe ya kwanza ilikuwa bado haijafika, simu ikalia. Walianza kwa ishirini, Tasneem akakata simu. Wakapanda. Walipofika milioni thelathini na nne, Tasneem alikuja mwenyewe Kizota, akakaa kwenye kitanda cha sebuleni akanywa chai.

"Mahakamani tunaweza kupata zaidi," alisema. "Nakuambia kweli, tunaweza pia kupata pungufu. Na wakikata rufaa, ni miaka. Uamuzi ni wako, siyo wangu."

Mishi alimtazama Hassani. Safari hii mumewe hakuomba kwa macho.

"Lako," alisema Hassani. "Nitalala usingizi kwa lolote."

Mishi alifikiri huku akikoroga chai isiyohitaji tena kukorogwa. Alimfikiria Sabrina, ambaye asingeweza kungoja rufaa akiwa kidato cha pili. "Thelathini na nne," alisema. "Watoe zile mbili. Na nisaini mimi."

Alisaini mwenyewe, mbele ya yule bwana wa kalamu tatu, baada ya Tasneem kumsomea kila mstari, ukiwemo ule unaosema kwamba hatadai tena. Sila alikuwapo. Walipokuwa wakitoka alimwambia, nusu utani, "Mama, umetukomesha."

"Sijakomesha mtu, mwanangu. Mimi nilikuwa napita pembeni ya barabara."

Wakapata mguu wa bandia uliopimwa vizuri, siyo wa kubahatisha unaochubua. Wakanunua cherehani cha mota kinachoendeshwa kwa mguu mmoja. Hassani alipata pikipiki, si mpya, lakini ya kwake. Ada ya Sabrina ilitengwa. Kilichosalia kikakaa benki kwa jina la Mishi, na Hassani ndiye aliyesisitiza liwe hilo jina.

*

Iddi iliyofuata walikwenda Kondoa. Ukoo wote ulijua yaliyosemwa ofisini, kwa sababu habari hupanda mlima bila nauli, na tangu siku ile Hashimu hakukanyaga Kizota. Wapo waliosema Mishi amemvua nguo shemeji yake. Wapo waliosema Hashimu alijivua mwenyewe. Mishi alifika akitembea, polepole kwenye mawe ya njia, gauni refu, viatu miguu yote miwili, akawapa shikamoo wakubwa wote, mmoja mmoja.

Hashimu aliitikia marahaba bila kuinua macho. Baadaye alimsogelea pembeni mwa ua.

"Zile mbili, shemeji. Zilikatwa kwako. Nitalipa."

Mke mwingine angesema yaishe, ni sikukuu. "Utalipa ukishavuna," alisema Mishi. "Kidogo kidogo, nitapokea."

"Nitalipa," alirudia Hashimu, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Pilau ilipowiva wanawake waliketi mkekani. Mishi hakuweza bado kukunja ule mguu, akawekewa kiti, akajikuta amekaa juu ya watu wote, aibu ikianza kumshika. Binti mdogo akaja na jagi na beseni la kunawisha. Hashimu alinyanyuka upande wa wanaume, akavuka ua mzima, akamwomba binti yule jagi. Mazungumzo yakapungua, yakaisha. Mzee wa ukoo, sauti ya msikiti, akainama mbele ya kiti cha mke wa mdogo wake, beseni mkono wa kushoto.

"Nawa, shemeji."

Hassani alitaka kuinuka kumpokea kaka yake jagi. Akabaki alipokuwa.

Mishi alikunja mikono ya gauni, akaiingiza mikono yake chini ya maji. Hakuharakisha ili kumpunguzia, wala hakuchelewesha ili kumtesa. Alinawa vidole, viganja, mpaka vikatakata, ndipo akasema, "Ahsante, shemeji. Sasa kaa tule."